Gari la Harusi Nililolifungua Nyuma ya Kanisa

Kuna watu pale Kakuma ambao hadi leo wakikutana nami hawaniulizi habari za nyumbani wala za mvua, wananiuliza kama nimekuja na spana. Mimi ndiye yule mtu mzima, mwenye mke, mwenye daftari, mwenye miwani ya kusomea, aliyelifungua gari la harusi vipande arobaini na vitatu siku ya harusi yenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu walionishukuru kwa chai. Sikuwa nimelewa. Hakuna aliyenidanganya. Nilifuata utaratibu mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Niwaeleze kwanza nilikuwa natafuta nini. Kazi yangu ni fundi wa pampu za visima, makao yangu ni Kanamkemer, hapa Lodwar, na shule niliiacha kidato cha pili. Mengine yote nimejifundisha kwa kusoma na kwa kufungua vitu. Mwaka mmoja nikiwa Kitale niliona kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba kitabu kinachoeleza jinsi mtu anavyoweza kujitengenezea gari la spoti nyumbani, yale ya viti viwili, ya chini, yasiyo na paa. Nilikinunua bila kukikagua, na ni baada ya kufika Lodwar ndipo nilipogundua kwamba kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'olewa (kwa hiyo kuanza gari nilifundishwa, kumaliza nikaachiwa mwenyewe).

Fremu niliichomelea kwa mabomba ya mraba yaliyobaki kwenye mitambo ya sola, na bodi nikaanza kuigonga kutoka kwenye mapipa. Nilijiwekea sheria moja: kila kipande kitoke kwenye gari lililofia Turkana. Sikutaka kuagiza kitu Nairobi. Nilitaka siku nikilitoa uani niweze kusema hili ni gari la huku, limezaliwa na magari ya huku. Injini niliipata kwenye saluni iliyopinduka njia ya Lokiriama. Breki zilitoka kwa nduguye saluni hiyo, kule Katilu, aliyekuwa amegeuzwa banda la kuku. Mke wangu, Mama Akiru, alikuwa akipita na ndoo, anasimama, analitazama.

"Baba Akiru," aliniambia siku moja, "hii gari yako iko chini hivi, ikifika laga itapita juu ya maji ama ndani?"

"Itapita wakati hakuna maji," nikamwambia, maana laga ni mto wa msimu tu.

"Basi hata mbuzi inapita," akasema, akaenda zake.

Vilibaki vitu vitatu: usukani pamoja na raki yake (kile chuma cha kugeuzia magurudumu), shokabu za mbele, na rejeta. Vyote vilipaswa kutoka kwenye saluni ya aina ileile iliyonipa injini, na saluni hizo ni za zamani, hazipatikani ovyo. Ndipo nikampigia Nestori, Mrundi anayechomelea milango na vitanda pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mtu mwaminifu aliyewahi kunisaidia sana na vipuri vya pampu. Akasema analo moja.

"Ni nyeupe, iko nyuma ya kanisa yetu, juu ya mawe," aliniambia kwenye simu. "Haijatembea miaka. Kuja Jumamosi, lakini asubuhi niko na mambo ya harusi, ningoje mpaka saa saba nikuonyeshe."

Niliandika kwenye daftari: nyeupe, nyuma ya kanisa, juu ya mawe, saa saba. Neno harusi sikuliandika kwa sababu halikuhusu gari.

Jumamosi hiyo nilipata nafasi kwenye pikapu ya jirani aliyekuwa akipeleka vitunguu, tukatoka Lodwar alfajiri, na saa mbili na nusu nikashushwa kambini na sanduku langu la spana, turubai, mikebe ya kuwekea bolti na utepe wa karatasi wa kuandikia namba. Jirani akaniambia anarudi saa saba kamili na hangoji mtu, kwa sababu ana mzigo mwingine Lodwar jioni. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu. Ulikuwa mdogo kabisa, wa mtu mwenye akili: kama Nestori anakuja saa saba na pikapu inaondoka saa saba, basi heri Nestori anikute nimemaliza, tupeane mikono, niondoke. Kumpigia simu tena niliona ni kumsumbua mtu mwenye shughuli.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati na maturubai, la Wakongo na Warundi, na ndani mlikuwa na sauti za watu wakifagia na wengine wakijaribu wimbo, wanaurudia mstari mmoja tu, wanacheka, wanaanza upya. Nikazunguka nyuma. Na hapo, hatua tano kutoka ukutani, lilikuwepo gari jeupe, saluni ya aina niliyoitaka, juu ya mawe manne, bila tairi hata moja, mbuzi wawili wamelala chini yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kosa langu lote liko kwenye mawe hayo. Lodwar, gari likikaa juu ya mawe limekufa. Hakuna anayeuliza. Tairi ndizo huenda kwanza, halafu betri, halafu vioo, na baada ya mwaka mmoja kinabaki kivuli cha mbuzi. Nimeishi hapa miaka zaidi ya ishirini na sijawahi kuona gari zima juu ya mawe. Nilichokuwa sijui ni kwamba pale kambini, mtu mwenye gari moja na safari moja kwa mwezi haliachi likae juu ya mpira. Mchanga wa moto unazila tairi, mwiba wa mathenge unazitoboa, na usiku zinaota miguu. Kwa hiyo akirudi safari analiinua, anazitoa tairi zote nne, anazisafisha, anazilaza chini ya kitanda chake mpaka safari nyingine. Kwao mawe ni maegesho.

Msidhani sikukagua. Nilikagua. Rangi, sawa. Taa za mbele, sawa. Nikafungua boneti, aina ya injini, sawa. Vichwa vya betri vilikuwa vimepakwa grisi mpya, bado mbichi, na nikajiambia Nestori ni muungwana, ameanza kuniandalia. Oili ilikuwa safi, nikajiambia kumbe hata gari likifa yeye halitupi. Vioo vilikuwa vimeoshwa asubuhi hiyo (vilikuwa bado na michirizi ya maji) na nikasikia hata haya kidogo kwa heshima kubwa niliyokuwa nikipewa. Kwenye buti nilikuta mfuko wa riboni nyekundu na nyeupe pamoja na maua ya plastiki. Nikautoa, nikauweka pembeni, nikaandika kwenye daftari: riboni na maua, mfuko mmoja, mali ya muuzaji, arudishiwe. Nilikuwa mwangalifu kiasi hicho.

Saa tatu na dakika kumi nikaanza. Kila kipande nilichokitoa nilikibandika namba, nikakilaza kwenye turubai kwa mpangilio, bolti zake kwenye mkebe wenye namba hiyohiyo. Rejeta niliitoa kwanza, na maji yake, kwa kuwa mimi ni mtu wa maji na siwezi kuyamwaga mchangani, niliyakinga kwenye karai nikawapa wale mbuzi. Watu walipita wakaniona. Wengine walisimama, wakanisalimu, wakasifu ile namba ya kwenye kila kitu. Mzee mmoja Mturkana aliyeleta kuni akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok," nikamjibu "Ejok noi," akachuchumaa akatazama muda mrefu kama anayeangalia mtu akimchinja ng'ombe kwa ustadi. Hakuna aliyenizuia. Ukivaa ovaroli safi na ukawa na daftari, watu huamini umetumwa.

Kama saa tano hivi nikiwa chini ya gari nikaona viatu vya mwanamke na kikombe kimeshushwa usawa wa macho yangu.

"Papa, kunywa kwanza chai," ikasema sauti. "Mutu hatumike na njaa."

Nikatoka. Alikuwa mama wa miaka kama hamsini, mwembamba, kitenge kipya, nywele zimesukwa siku hiyo, amebeba chai na mandazi mawili kwenye sahani. Akaniambia anaitwa Mama Furaha.

"Furaha ni mutoto wangu, banaoa leo, kule Kalobeyei," akasema. "Saa tisa."

"Hongera sana, mama."

"Aksanti. Papa, utamaliza mbele ya saa tisa?"

"Mbele kabisa," nikamwambia, nikijivunia. "Saa saba kamili nitakuwa nimemaliza."

Akashika kifua. "Mungu akubariki. Unajua mimi nilienda kwa bwana yangu na miguu, siku mbili, na furushi kwa kichwa. Na huyu mutoto tulikimbia naye mgongoni, na miguu tena. Njo nikamwahidi, siku yake ataingia ndani ya motokari, milango nne, tunafunga. Si juu ya piki."

"Ni jambo zuri sana," nikasema, nikamega andazi. Nilidhani kuna gari la harusi mahali fulani. Kwa kweli lilikuwepo, na nilikuwa nimekalia rejeta yake.

Saa saba kasoro dakika kumi nilitoa shokabu ya mwisho, nikaipa namba arobaini na tatu, nikanyoosha mgongo. Kwaya ndani ilikuwa imeupata wimbo sasa. Halafu nikasikia wimbo unatoka nje, unazunguka kanisa, unakuja upande wangu, na kwenye kona ya mabati wakatokea wanaume wanne waliovaa suti, kila mmoja anavingirisha tairi. Tairi zilikuwa zimeoshwa na kupakwa kitu mpaka zinang'aa. Nyuma yao kwaya nzima, wanawake kwa wanaume, wanaimba na kucheza polepole kwa kufuata tairi, na katikati mzee mrefu mwenye koti jeusi la sufi kwenye joto lile, ameshika ufunguo wa gari mkononi kama mtu aliyeshika mshumaa.

Besi ndio waliokuwa wa kwanza kunyamaza. Soprano waliendelea kidogo kwa sababu walikuwa nyuma.

"Papa, Bwana asifiwe," akasema yule mzee. Baadaye nilijua ndiye Pastere Eliya.

"Asifiwe."

Akalitazama turubai. Akatazama lile tundu palipokuwa usukani. Akauliza kwa upole, kama anayeuliza hali ya mgonjwa wodini, "Ilikuwa inaumwa nini?"

Nikamwambia haikuwa inaumwa. Nikamwambia hili ni gari la Nestori, limekufa, nimekuja kuchukua vyuma tulivyokubaliana.

"Hii ni yangu," akasema. "Ilitoka Lokichoggio wiki jana."

Mwimbaji mmoja wa tenori akasema kutoka nyuma, "Pastere, motokari yako imeokoka. Imeacha vyote." Basi kwaya ikavunjika kwa kicheko, na mimi nikiwa nimesimama pale na spana namba kumi na saba nikatamani mbuzi wanipishe chini ya gari.

Nestori akaja mbio, shati jeupe na tai. Alisimama, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba Akiru, nilikuambia ningoje."

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kuchinja gari ya pastere? Yangu ni ile." Akanyoosha kidole. Hatua hamsini mbele, ndani ya kichaka cha mathenge, kulikuwa na paa jeupe lililozama mchangani hadi milangoni. Sikuwa nimetafuta zaidi ya gari la kwanza nililoliona.

Wakati huohuo jirani yangu wa pikapu akafika, akapiga honi mara moja, akaniona, akauona umati, akaangalia turubai, kisha akatia gia akaondoka. Sijamlaumu mpaka leo.

Mama Furaha alikuwa wa mwisho kufika. Watu walimpisha. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, kwa kweli ningefarijika kutukanwa. Aliangalia vipande vyote kimoja kimoja, kama mtu anayesoma, halafu akaniangalia mimi.

"Papa, ulisema saa saba kamili," akasema. "Na mimi nikakuletea chai."

Kijana mmoja wa kwaya akasema wazipigie simu piki tatu, Kalobeyei si mbali, bibi harusi afike kwa wakati. Magari mengine mawili waliyoyategemea yalikwisha kwenda kuchukua wageni wa upande wa bwana harusi. Mama Furaha hakugeuka hata kumtazama.

"Piki hapana," akasema.

Pastere Eliya akavua koti lake, akalikunja vizuri, akampa mtu. "Hatuite mutu mwingine," akasema. "Mwenye alifungua, atafunga."

Ilikuwa saa saba na robo. Nilikuwa nimelifungua kwa saa tatu na dakika arobaini. Nikalala tena chini ya gari, Nestori akaingia upande wa pili na tai yake ameitupa begani, na hapo ndipo lile jambo lililoniaibisha likawa pia ndilo lililotuokoa, kwa sababu kila kitu kilikuwa na namba. Kiongozi wa kwaya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, akaliona hilo kabla yangu. Akawapanga watu wake kandokando ya turubai kama wanavyosimama kanisani, soprano wakashika mikebe ya bolti, tenori na alto wakashika vyuma vidogo, besi wakashika shokabu na raki. Mimi nikisema arobaini na tatu kutoka chini, yeye anairudia, na kipande kinatembea mkono kwa mkono mpaka kwangu. Tulirudi nyuma hivyo, arobaini na mbili, arobaini na moja, watu wanaongezeka, watoto juu ya ukuta, wauza maji wameegesha baiskeli zenye mitungi mitupu, na kila namba ikifungwa wanapiga kofi moja.

"Papa wa namba," mtu akaita, "usitusahaulie thelathini."

"Thelathini imeingia," nikajibu kutoka chini.

"Aonyeshe," akasema mwingine. "Huyu tumeshamjua."

Mama Furaha alikuwa amekaa juu ya jerikeni, mgongo wima, simu mkononi. Kila baada ya muda ilikuwa inaita, ni wakwe, na kila mara alisema maneno yaleyale kwa utulivu, "Tuko kwa njia," huku anaangalia miguu yangu ikitokeza chini ya gari lisilo na tairi. Saa tisa ilifika ikapita. Sikuwa na ujasiri wa kutazama saa, lakini simu yake ilinitosha.

Rejeta ilipofungwa nikaomba maji, kumbe hayakuwepo. Bomba la kambi lilikuwa limefungwa toka saa nne, na yale ya kwenye rejeta walikuwa wameyanywa mbuzi, ambao walikuwa bado pale, wamenona, wananiangalia. Mimi, fundi wa maji. Mama Furaha akainuka, akaenda ndani, akarudi na jerikeni lililofunikwa kitambaa cheupe. Yalikuwa maji waliyoyachemsha na kuyatia majani ya manukato ya kumwogeshea mwanawe miguu kabla ya kutoka, kama mama yake alivyomfanyia yeye. Alikuwa ameyatumia nusu. Nusu akaimimina mwenyewe kwenye rejeta, polepole, bila kudondosha, na injini ilipowaka mvuke ule ulinukia vizuri mpaka watu wakatazamana.

Tairi zikafungwa. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Wakafunga riboni. Pastere nikampa nafasi yake akae kwenye usukani, akaushika, akaugeuza kidogo, akatoka.

"Iko chini-juu," akasema.

Ilikuwa kweli. Kwa haraka nilikuwa nimeufunga usukani nusu mzunguko mbele, kwa hiyo ili gari liende moja kwa moja ilibidi uushike umepinduka. Na kuufungua tena hakukuwa na muda.

"Utaendesha wewe," akaniambia. "Sasa unaijua kuliko mimi."

Basi nikaendesha. Na ovaroli langu la grisi, pastere pembeni yangu, nyuma Furaha amevaa gauni jeupe na mama yake kamshika mkono. Furaha nilikuwa sijamwona mpaka hapo. Msichana mtulivu, macho ya mama yake. Tulipotoka kwenye geti la kanisa nikakata kushoto, na honi ikalia yenyewe, ndefu.

"Papa, usipige honi bado," akasema Furaha taratibu. "Hatujafika."

"Sijapiga."

"Nani amepiga?"

"Ni kushoto," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Waya wa honi nilikuwa nimeubana vibaya, na kila nikikata kushoto ulikuwa unagusa chuma. Barabara ya Kalobeyei, kwa wasioijua, upande wa kulia ndio wenye mashimo. Nilikata kushoto njia nzima. Nyuma nikasikia Mama Furaha anavuta kamasi, nikadhani analia, na nilipotazama kwenye kioo nikaona amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na mwanawe pia, wote wawili wanacheka bila sauti.

Tulifika saa kumi na robo. Ndugu wa bwana harusi walikuwa wamesimama juani mstari mmoja, nyuso zimekaza, kamba imefungwa mbele ya lango. Nikasimamisha. Pastere akamfungulia Furaha. Mama Furaha alitoka mwisho. Akasimama kando ya gari, akaushika mlango, akaufunga taratibu, akasikiliza ule mlio wake wa kufunga mpaka ukaisha. Kisha ndipo akageuka kuwatazama wakwe.

Lakini kwao bibi harusi akichelewa wakwe hawafungui kamba mpaka wapewe sababu, na sababu haitolewi na mzazi, inatolewa na aliyemleta. Mjomba wa bwana harusi, mzee mwenye kofia na fimbo, akasema, "Tunataka kusikia kwa mdomo wa dereva."

Nikasimama mbele ya watu kama mia tatu waliovaa vizuri. Sikujua kusema uongo wa kuvutia, sikusomea hilo. Nikatoa daftari mfukoni, nikavaa miwani, nikasoma. Saa tatu na dakika kumi, kazi kuanza. Saa tatu na dakika ishirini na tano, rejeta, maji kupewa mbuzi wawili. Nilisoma kila kipande mpaka cha arobaini na tatu, kwa saa na dakika, na nilipomalizia kwa riboni na maua, mali ya muuzaji, arudishiwe, yule mjomba akavua kofia akajifuta macho, akaikata ile kamba mwenyewe.

Kesho yake baada ya ibada nilirekebisha usukani na honi (watu wa Kalobeyei walinung'unika, walikuwa wameipenda), halafu mimi na Nestori tukaenda kulichimbua gari lake. Raki haikuwepo. Kuna mtu alikuwa ameipitia zamani, na shokabu zilikuwa zimepasuka. Nilirudi Lodwar mikono mitupu na mandazi ya Mama Furaha kwenye mfuko.

Lakini tangu hapo Kakuma kukawa kwangu. Kila mwezi nilikuwa napanda kwenda kuliangalia gari la pastere, tunakaa kivulini, Nestori ananitania, Mama Furaha analeta chai na kuniuliza nitamaliza saa ngapi. Siku hizo sikujua kuwa zilikuwa siku nzuri. Nilidhani nabadilisha oili tu. Halafu majina ya wakimbizi wa kuhamishwa yakaanza kutoka. Furaha na mumewe wakapata safari ya nchi ya baridi, wakamchukua mama. Nestori akarudi kwao Burundi. Kanisa lilipungukiwa besi, halafu tenori. Mama Furaha bado ananitumia sauti kwenye simu. Anasema kule motokari ni nyingi mno, hata hasikii tena milango ikifunga.

Mwaka jana likatoka jina la Pastere Eliya. Akanipigia. "Papa," akasema, "kuja. Na ulete spana zako zote."

Nilikwenda na sanduku, turubai, mikebe na utepe. Gari lilikuwa juu ya mawe, tairi chini ya kitanda. Akaweka mkono juu ya boneti, akaniambia, "Leo nakuruhusu mbele ya Mungu. Ile gari yako ya spoti inangoja miaka yote. Fungua, chukua."

Nilifungua boneti. Raki ilikuwa pale, nzima, ile ninayoitafuta, hakuna nyingine Turkana yote. Halafu nikaifunga boneti.

"Mbona?" akauliza.

"Sioni kibovu," nikamwambia. Tukaingia ndani tukazitoa tairi, nikavingirisha mbili na yeye mbili, hatukuwa na wa kuimba.

Akanikabidhi ufunguo, nikaliendesha mpaka Lodwar. Mama Akiru akatoka, akaliangalia lile lililoingia, akaliangalia lile la chini lililokaa uani bila usukani. "Sasa uko na mbili," akasema. "Moja inatembea, na moja inatungoja."

Basi hili ndilo nililojifunza, na nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari langu jipya: sifungui tena bolti ya gari la mtu kabla mwenyewe hajaweka mkono wake juu ya boneti na kuniruhusu kwa mdomo wake. Na kuna moja ambalo hata nikiruhusiwa, sifungui.